Napoli 1647: kutoka tozo ya matunda mpaka jamhuri ya miezi mitano

Ukimtaja Masaniello kwa mtu aliyesoma soma historia ya Ulaya atakujibu fasta: alikuwa muuza samaki, akaongoza maskini wa Napoli dhidi ya Wahispania, akaanzisha jamhuri. Mambo mawili ya mwanzo ni kweli. Hilo la tatu siyo. Masaniello aliuawa tarehe 16 Julai 1647 na jamhuri ikaja kutangazwa Oktoba, yeye yuko kaburini miezi mitatu, na katika zile siku zake kumi za kuushika mji hakuwahi kusema mfalme aondoke, tena watu wake walikuwa wanazunguka mitaani wamebeba picha za mfalme na kumtakia maisha marefu. Mimi hii stori naipenda sana na huwa inaniuma ikifupishwa hivyo, maana ukiiruka ile miezi mitatu ya katikati huelewi tena kwanini jamhuri ilizaliwa wala kwanini ilikufa haraka vile.

Tuanze na hela, maana huko ndiko kulikoanzia.

Napoli ambayo wengi tunaijua kwa mpira na Maradona, wakati huo ulikuwa mji wa watu kama laki tatu, moja ya miji mikubwa kabisa Ulaya, mkubwa kuliko hata Madrid alikokaa mfalme. Nusu yote ya chini ya Italia ilikuwa ufalme mmoja na ufalme huo ulikuwa mali ya mfalme wa Hispania, Felipe wa Nne. (Felipe huyu huyu ndiye aliyekuwa mfalme wa Wareno pia mwaka 1631, Yusuf bin Hassan alipowaasi kule Mombasa na kuiteka Ngome ya Yesu, kwa sababu Ureno na Hispania zilikuwa chini ya taji moja mpaka Wareno walipojitoa 1640. Kwa hiyo sio mgeni kabisa kwenye historia yetu.) Yeye mwenyewe hakukaa Napoli, alituma mtu wa kumwakilisha, kwa Kiswahili cha pwani neno linalomfaa mtu wa namna hiyo ni liwali. Liwali wa 1647 aliitwa Rodrigo Ponce de León, Duki wa Arcos (duki ni cheo cha kabaila mkubwa), nitamwita Arcos tu.

Sasa Hispania ilikuwa vitani na karibu kila mtu. Waholanzi walikuwa wanapigana nayo tangu enzi za babu zao, Ufaransa tangu 1635, halafu ndani ya mwaka mmoja tu wa 1640 Catalonia ikaasi na Ureno ikaasi. Vita inakula hela na Napoli ndiyo ilikuwa mfuko wa mfalme, huko ndiko walikotoa wanajeshi, nafaka, na pesa taslimu. Lakini hapa kuna kitu cha kuelewa: mji wa Napoli ulikuwa na msamaha wa zamani, haulipi ile kodi ya kila kaya ambayo vijiji vyote vya ufalme vililipa, na hiyo ndio sababu moja iliyofanya watu wa vijijini wakimbilie mjini kwa wingi. Huwezi kumtoza mtu wa mjini kwa nyumba yake, basi unamtoza kwa tumbo lake. Unga una tozo, mafuta yana tozo, nyama, mvinyo, chumvi, kila kinachopita getini kuingia mjini kinatozwa. Hizo tozo waliziita gabelle.

Na serikali haikusubiri tozo ikusanywe ndio itumie, hapana, serikali iliuza tozo yenyewe. Yaani mfalme anataka hela leo, anaenda kwa wenye nazo anawaambia nipeni laki kadhaa sasa hivi, na nyinyi mtakuwa mnapokea makusanyo ya tozo ya unga miaka na miaka. Wafanyabiashara wakubwa wa Genova walinunua, makabaila walinunua, ila walinunua pia mawakili, wafanyabiashara wa kati, nyumba za watawa, hospitali, wajane wenye akiba kidogo. Kwa hiyo tozo ile inayomkaba mchuuzi sokoni ndiyo hiyo hiyo inamlipa pensheni mjane wa mtaa wa pili. Naomba hili ulishike vizuri kwa sababu litarudi, tena litarudi vibaya.

Mwishoni mwa 1646 Arcos alitakiwa apate dukati (hela ya huko wakati huo) milioni moja kwa ajili ya vita. Karibu kila kitu kilikuwa kimeshatozwa, kilichobaki ni matunda. Ukiwa na njaa Napoli wakati wa kiangazi unakula matunda, tini, tikiti, zabibu, ni chakula cha mtu asiye na kitu, na ndio maana tozo ya matunda iliwahi kuwekwa huko nyuma ikaondolewa kwa sababu watu hawakuivumilia. Arcos aliirudisha mwanzoni mwa 1647. Kuna siku watu walilizingira gari lake akiwa njiani kwenda kanisa la Carmine wakampigia kelele, akaahidi kuiondoa, asiiondoe. Mwezi wa tano watu wa Palermo kule Sicily wakaamka na tozo zao zikafutwa, habari ikafika Napoli kwa mashua, na mwezi wa sita kibanda cha kukusanyia tozo ya matunda pale uwanja wa soko, Piazza Mercato, kikachomwa moto usiku.

Jumapili ya tarehe 7 Julai ndio ikalipuka. Wakulima wa Pozzuoli wameleta tini zao, wachuuzi wa mjini wanasema tozo alipe mwenye shamba, wenye shamba wanasema alipe mwenye kununua. Akaitwa Andrea Naclerio, yeye cheo chake kilikuwa Mteule wa Watu, yaani mwakilishi wa watu wa kawaida kwenye serikali ya mji, aje aamue. Akaamua alipe wa Pozzuoli. Jamaa mmoja akamwaga makapu yake chini kwa hasira kwamba bora zioze kuliko kulipa, watoto wakaziokota tini wakaanza kumrushia Naclerio, kisha mawe, akakimbia na roho yake mkononi. Na pale sokoni walikuwepo vijana wengi tayari wamejipanga, maana tarehe 16 ni sikukuu ya Mama Maria wa Carmine na kila mwaka kunakuwa na mchezo wa vita ya kuigiza, vijana wanafanya mazoezi na fimbo za matete. Aliyekuwa anawafundisha ndiye Tommaso Aniello, kwa kifupi Masaniello, miaka 27, muuza samaki wa pale pale sokoni.

Huyu kijana ana sababu zake binafsi pia. Inasimuliwa kwamba mkewe Bernardina alikamatwa akiingiza unga kwa magendo, kauviringisha kwenye nguo kama amebeba mtoto mchanga, akafungwa, na Masaniello akaingia kwenye madeni ili amtoe kwa faini. Kama unga wa kula nyumbani unakufunga mkeo, huhitaji mtu wa kukuelezea siasa.

Kelele waliyopiga siku ile ndio ufunguo wa yote: aishi mfalme wa Hispania, ife serikali mbaya! Kwao mfalme ni baba, yuko mbali, anadanganywa na watumishi wake, angejua wanachotendewa asingekubali. Na hawakuwa wanaongea hewani, walikuwa na hoja. Walisema mfalme Carlos wa Tano, baba wa babu yake huyu Felipe wa Nne, aliwapa watu wa Napoli haki kwamba tozo zisiongezwe hivi hivi, na kwamba wao kwenye serikali ya mji wawe na kura sawa na makabaila. Wakati huo mji uliongozwa na mabaraza, matano ya makabaila na moja tu la watu, kura tano kwa moja, ushindane nao vipi? Aliyelijua jambo hili kwa undani alikuwa mzee mmoja, Giulio Genoino, mwanasheria, baadaye padri, umri wake umekaribia miaka themanini. Huyu aliwahi kuwa Mteule wa Watu yapata 1620, akaidai hiyo kura sawa, akafungwa miaka mingi. Sasa anaona vijana wamejaa uwanjani na fimbo, akajua saa yake imefika. Kwa hiyo kwenye zile siku kumi Masaniello ndiye sauti na uso, kichwa cha kuandika madai ni Genoino, na kusema kweli ukiwatenganisha hao wawili unaharibu stori.

Kilichofuata kilikuwa cha kutisha na cha ajabu kwa pamoja. Umati ulivamia ikulu, Arcos akakimbia, mwishowe akajifungia ndani ya ngome ya Castel Nuovo. Nyumba za wale waliotajirika kwa tozo zilichomwa moja moja kwa orodha, samani, mapazia, vyombo vya fedha, vyote vinatupwa motoni, na ni marufuku kuiba, mwenye kuiba anauawa. Ukiwaza kwamba hao ni watu wenye njaa, wanaangalia mali inaungua na hawaigusi, unaona kwamba walitaka ieleweke hawakuja kama wezi. Tarehe 10 majambazi waliokodiwa walijaribu kumuua Masaniello pale Carmine, wakashindwa, lawama zikaenda kwa Diomede Carafa, Duki wa Maddaloni, yeye akatoroka ila ndugu yake Giuseppe akakamatwa na kukatwa kichwa. Baada ya hapo kabaila yeyote mjini alijua hana usalama. Kadinali Ascanio Filomarino, askofu mkuu, ndiye aliyekuwa anakwenda na kurudi kati ya soko na ngome, na tarehe 13 Julai ndani ya kanisa kuu Arcos akaapa kuukubali mkataba: tozo zote zilizowekwa baada ya Carlos wa Tano zimefutwa, watu wana kura sawa na makabaila, hakuna wa kushitakiwa, na watu wabaki na silaha zao mpaka mfalme mwenyewe atie saini.

Masaniello kavalishwa nguo ya nyuzi za fedha, anaitwa nahodha mkuu wa watu waaminifu kabisa, anatoa hukumu dirishani kwake. Na katika siku hizo hizo akaanza kubadilika, amri za kukata vichwa kwa jambo dogo, kuongea peke yake, kutupa pesa. Wapo wanaosema alipewa sumu, wapo wanaosema ni kukosa usingizi na kuelemewa. Tarehe 16, siku ile ile ya sikukuu, alihutubia ndani ya kanisa la Carmine kwa maneno yasiyoeleweka, akapelekwa ndani ya nyumba ya watawa na huko akapigwa risasi, kichwa kikakatwa kikapelekwa kwa liwali. Watu waliangalia tu. Kesho yake uzito wa mkate ukapunguzwa kwa bei ile ile, ndipo wakashtuka, wakaenda kukitafuta kiwiliwili walikokitupa, wakakishona na kichwa, wakamzika kwa heshima ambayo liwali mwenyewe hajawahi kuipata, maelfu kwa maelfu nyuma ya jeneza.

Watu wengi huishia hapa. Mimi nadhani hapa ndio katikati.

Baada ya Masaniello uasi haukuzimika, na kuna sababu. Ule mkataba ulikuwa na adui kila upande. Arcos aliapa kwa sababu ya hofu na hakuwa na nia ya kutekeleza. Makabaila hawakutaka kusikia habari ya kura sawa. Na hapa ndipo yule mjane wa mtaa wa pili anarudi: tozo zimefutwa, basi mamia ya watu wa tabaka la kati waliokuwa wanaishi kwa makusanyo yale wamebaki mikono mitupu, nyumba za watawa pia, hospitali pia, kwa hiyo watu ambao Genoino aliwategemea, mawakili na wafanyabiashara wa heshima, wakaanza kutamani amani irudi na tozo kidogo zirudi. Huku chini wachuuzi, mafundi na wale maskini wa kutupwa walioitwa lazzari hawataki kusikia hata senti moja. Mwezi Agosti mapigano yakarudi, na Genoino, ambaye sasa alionekana kama mtu wa liwali, alifukuzwa Napoli akafia uhamishoni. Alitafuta ile kura sawa miaka karibu thelathini, akaishika kwa wiki chache.

Wakati huo huo vijijini kulikuwa kunawaka moto wa aina nyingine kabisa. Mjini adui ni tozo, kijijini adui ni kabaila mwenye ardhi, mwenye mahakama yake, mwenye jela yake, mwenye kinu ambacho ni lazima usagie humo. Miji midogo iliwaasi mabwana zao mmoja baada ya mwingine na mabwana walijibu kwa damu. Kule Nardò, kusini mashariki kabisa, Giangirolamo Acquaviva, kabaila wa Conversano aliyeitwa kwa jina la utani Chongo wa Puglia, alirudi na jeshi mwezi wa nane akaua viongozi wa mji wakiwemo mapadri. Nayataja haya kwa sababu bila vijiji Napoli haili, ngano inatoka huko, na vita ya mji na vita ya vijiji ilikuwa inahitajiana ila haikuwahi kuwa vita moja.

Sasa twende kwenye siku ambayo mimi naihesabu kuwa siku ya kuzaliwa kwa jamhuri, ingawa hakuna aliyeitangaza siku hiyo. Tarehe 1 Oktoba merikebu za kivita za Hispania zilitia nanga mbele ya mji. Aliyeziongoza ni Don Juan de Austria, mtoto wa mfalme wa nje ya ndoa, kijana wa miaka 18. Jaribu kuiona kwa macho ya mtu wa sokoni: miezi mitatu nzima umepiga kelele aishi mfalme, umebeba picha yake, umeamini ana huruma ila hajui, na sasa amemtuma mtoto wake wa kumzaa mwenyewe. Watu walitegemea kijana analeta saini ya baba. Tarehe 5 Oktoba mizinga ya merikebu pamoja na mizinga ya ngome tatu, Castel Nuovo, Sant'Elmo ile ya juu kilimani na Castel dell'Ovo ya baharini, ikafunguliwa kwa pamoja juu ya mji wa watu laki tatu, huku askari wakishuka kuingia mitaani.

Haikufaulu. Wanawake walimwaga maji ya moto na kurusha vigae kutoka juu ya mapaa, mitaa ya Napoli ni myembamba na mirefu, askari wakanaswa humo, baada ya siku kadhaa Wahispania wamerudi kwenye ngome zao bila mji. Lakini kilichovunjika kilikuwa kikubwa kuliko nyumba. Ile nadharia ya mfalme mwema na watumishi wabaya haiwezi kupona baada ya mtoto wa mfalme kukupiga mizinga. Picha za Felipe zikaanza kuondolewa. Tarehe 17 Oktoba ikatoka barua ya wazi kwa wafalme na mataifa ya Ulaya, na hoja yake ni ya kisheria kabisa na kwangu inagusa sana: sisi hatujaasi, mfalme ndiye aliyeuvunja mkataba kwa kutupiga vita, kwa hiyo kiapo chetu kwake kimekwisha. Siku chache baadaye nahodha wao mkuu, Francesco Toraldo, kabaila waliyekuwa wamemchagua kwa kumlazimisha, akauawa kwa kushukiwa anacheza pande mbili, na nafasi yake akashika Gennaro Annese, fundi wa kutengeneza bunduki. Tarehe 22 Oktoba 1647 Napoli ikajiita jamhuri.

Kwa hiyo mtu akikuuliza jamhuri ile alianzisha nani, jibu langu ni kwamba iliundwa na mizinga ya Don Juan. Masaniello alifungua mlango ila hakujua unatokea wapi.

Ila jina lake lilikuwa la ajabu. Iliitwa Jamhuri ya Kifalme ya Napoli, na mara moja ikajiweka chini ya ulinzi wa mfalme wa Ufaransa. Tusiwaone hawa kama hawakujua maana ya maneno. Kwa mtu wa karne ya 17 jamhuri haikumaanisha hakuna mwenye taji popote, ilimaanisha mji unajiamulia mambo yake wenyewe, kama Venezia iliyokuwa na duki wake wa kuchaguliwa, au Uholanzi ambako majimbo yanajitawala na ukoo wa Orange unaongoza jeshi. Huo mfano wa Uholanzi ndio uliowavutia zaidi kwa sababu Waholanzi nao walianza kama raia wa Hispania wenye malalamiko ya kodi na dini, na baada ya miaka themanini ya vita walikuwa mbioni kukubaliwa rasmi, mkataba wa Münster ukaja kusainiwa Januari 1648. Napoli ilitaka kupata kwa miezi kile ambacho wenzao walipata kwa miaka themanini, na bila jeshi la majini, bila hela, mizinga ya adui ikiwa ndani ya mji wenyewe, isingeweza kusimama siku mbili bila mkubwa wa kuishika mkono.

Mkubwa aliyekuja hakuwa yule waliyemtaka. Roma wakati huo alikuwepo Henri wa Lorraine, Duki wa Guise, kijana wa ukoo mkubwa wa Ufaransa, amekwenda kwa Papa kutafuta ndoa yake ibatilishwe ili aoe mwingine. Ukoo wake una nasaba na ukoo wa Anjou waliotawala Napoli mpaka 1442, kwa hiyo aliposikia habari hizi aliona urithi wake unamwita. Tarehe 15 Novemba aliingia Napoli kwa mashua ndogo akipenya katikati ya merikebu za Wahispania, ushujaa wa kweli, watu wakamshangilia kama malaika. Mwenyewe alikuja kuandika baadaye kwamba usiku wa kwanza alilala kitanda kimoja na Annese kule kwenye mnara wa Carmine, ngome ya waasi pale sokoni, alivyoielezea unaona kabisa kinyaa alichokuwa nacho kwa huyu fundi bunduki na mkewe. Hapo ndipo ugonjwa ulipokuwa.

Maana kila mtu aliisema jamhuri na kila mtu alimaanisha kitu chake. Wanasheria kama Vincenzo d'Andrea walimaanisha seneti na sheria, mfano wa Venezia. Lazzari walimaanisha mkate bila tozo. Annese alimaanisha yeye asirudi kuwa fundi. Guise alimaanisha ngazi ya kupandia kwenye kiti cha ufalme, na kabla Desemba haijaisha alikuwa amejipatia cheo cha Duki wa Jamhuri na kumsukuma Annese pembeni. Makabaila wachache aliojaribu kuwavuta walitaka kujua kama ardhi zao zitarudi, na akiwaahidi hao amewaudhi wa vijijini. Ushahidi ninaoupenda kuliko wote ni sarafu. Jamhuri ilitengeneza sarafu zake, zina ngao yenye herufi SPQN, seneti na watu wa Napoli, imeigwa ile SPQR ya Roma ya kale, na kuizunguka pembeni jina la Guise. Jina la Guise lilikuwa na mwenyewe, watu walikuwepo, seneti haikuwahi kukaa. D'Andrea na wenzake waliidai, Guise akaipiga danadana mpaka mwisho.

Na Ufaransa? Kardinali Mazarin aliyekuwa anaendesha mambo yote kule Paris hakumwamini Guise hata kidogo, hakumtuma yeye, na wala hakuwa na haja ya kumpa kabaila wa nyumbani ufalme mzima ili kesho ajitutumue. Alichokuwa nacho haja ni Hispania isumbuke. Mwezi Desemba merikebu za Kifaransa zilionekana kweli mbele ya Napoli, watu wakapanda juu ya mapaa kushangilia, kukawa na kurushiana mizinga kidogo na Wahispania, kisha zikageuza zikaondoka. Hawakushusha jeshi la maana wala ngano ya maana. Siku ile wanaojua kuhesabu walishahesabu.

Majira ya baridi yakawa ya njaa. Makabaila walikuwa wamejikusanya na wapanda farasi wao upande wa Aversa na Capua, wanafunga barabara za ngano. Aversa ilikuja mikononi mwa jamhuri mwezi Januari na hiyo ikaleta nafuu kidogo, ila Wahispania ndani ya zile ngome hawakutoka, na sasa wakafanya jambo la akili ambalo Arcos hakuliweza: wakamwondoa Arcos mwenyewe. Liwali mpya, Íñigo Vélez de Guevara, anayejulikana kama Oñate, alifika mapema Machi 1648 na hakuja na mizinga mipya, alikuja na subira na ahadi. Msamaha kwa watakaorudi, tozo zitapunguzwa, hakuna kisasi. Ujumbe ukapita kimya kimya kwa waliochoka, na waliochoka walikuwa wengi, wakiwemo d'Andrea na Annese, ambao sasa walimwogopa Guise kuliko walivyomwogopa mfalme.

Tarehe 5 Aprili Guise alitoka mjini na sehemu ya askari wake kwenda kukiteka kisiwa kidogo cha Nisida, alfajiri ya tarehe 6 Wahispania wakatoka ngomeni wakapita mitaani wakipiga kelele za amani na za aishi mfalme, na watu, wale wale waliomwaga maji ya moto mwezi Oktoba, wakafungua madirisha wakaitikia. Annese akafungua mnara wa Carmine. Saa chache tu, karibu bila damu. Guise akakimbia akakamatwa upande wa Capua, akapelekwa kifungoni Hispania akakaa huko mpaka 1652.

Oñate aliweka neno lake kwenye tozo, nyingi zilirudi lakini kwa kiwango pungufu. Kwenye watu hakuliweka. Annese, aliyefungua mlango kwa ahadi ya msamaha, alikatwa kichwa mwezi Juni mwaka huo huo, na wengine wengi wakamfuata kwa miezi mingi iliyofuata, mmoja mmoja, kila mara kwa kosa jipya lililopatikana.

Jina lililosafiri ni la Masaniello. Uholanzi walichora sura yake na kuiuza, inasimuliwa hata mwanafalsafa Spinoza alijichora mwenyewe akiwa amevaa kama yeye, na usiku wa tarehe 25 Agosti 1830 mjini Brussels watu walitoka kwenye opera inayomhusu wakaenda moja kwa moja mitaani, hapo ndio ukaanza uasi uliozaa nchi ya Ubelgiji. Annese hakuna anayemkumbuka.

Guise alijaribu tena. Mwaka 1654 alirudi na merikebu za Ufaransa, safari hii za kweli na askari wa kweli, akashuka Castellammare, mwendo mfupi tu kutoka Napoli, akakaa anasubiri mji uinuke kama ulivyomshangilia ile siku ya mashua. Alisubiri wiki chache. Hakuna aliyekuja, akapakia watu wake akaondoka.